Kuwarudisha wanachama chamani: mwongozo kwa viongozi wa matawi ya vyama vya tiba, Lamu

Tawi la chama cha madaktari au wauguzi likilala, viongozi wengi hukimbilia kuandika tangazo kali zaidi: "Wanachama wote wahudhurie bila kukosa." Tangazo la namna hiyo halimleti mtu. Daktari aliyetoka zamu ya usiku hospitali ya King Fahd, au muuguzi wa Faza ambaye akikosa boti itambidi atafute pa kulala Amu (mji wa Lamu), haupimi mkutano kwa ukali wa tangazo. Anajiuliza mambo mawili: kufika kutanigharimu nini, na nikifika, kuna kazi gani ambayo isingefanyika bila mimi? Hilo la pili ndilo viongozi husahau, na sehemu kubwa ya mwongozo huu imeegemea hapo.

Tumewaandikia wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa matawi yenye wanachama kama 20 hadi 80, ya madaktari, wauguzi, maafisa wa kliniki au wafamasia. Viongozi wa Malindi nao watapata mengi humu. Mahali mambo yanapotofautiana tumesema.

Orodha kwanza, mkutano baadaye

Kundi la WhatsApp si orodha ya wanachama. Ndani yake mna waliohamia Garissa miaka miwili iliyopita, waliokwenda kusomea ubingwa Nairobi, namba mbili za mtu mmoja, na pengine muuzaji wa dawa aliyeingizwa siku ya semina akasahaulika humo. Ukiita watu 90 wakaja 14 utaona tawi limekufa, kumbe waliobaki kaunti hii ni 41.

Tengeneza jedwali lenye safu nane: jina kama lilivyo kwenye leseni, namba ya leseni, kituo cha kazi, simu, kada au ubingwa, mwezi aliporipoti Lamu, ada imelipwa hadi lini, na jambo moja analolimudu kuliko wenzake. Hiyo safu ya nane usiiache tupu. Mmoja ni hodari wa kusoma picha za ultrasaundi, mwingine anajua hesabu za stoo ya dawa, mwingine ana ulimi wa kuzungumza na wazee wa mtaa. Ndiyo hazina utakayochota baadaye unapogawa kazi.

Majina yatafute kwa wasimamizi wa vituo, sio kwa kumbukumbu za katibu aliyetangulia. Anza King Fahd, halafu Mpeketoni, Faza na Witu, kisha zahanati moja moja hadi Kizingitini na Kiunga. Watu wawili wakigawana vituo, kazi hiyo huisha kwa jioni mbili za simu. Irudie kila baada ya miezi 3, maana madaktari wanagenzi, yaani wahitimu wapya walio kwenye mafunzo ya kazini, huja kwa mwaka mmoja tu na uhamisho hausubiri kalenda ya chama.

Orodha hii ni data ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihusu. Mwombe mtu ruhusa kabla ya kuandika taarifa zake, ifungie faili kwa nywila, na wasiifungue zaidi ya viongozi wawili au watatu. Usije ukabandika kundini majina ya wasiolipa ada. Fedheha huleta pesa mara moja, kisha humwondoa mtu moja kwa moja, naye akiondoka huondoka na marafiki.

Simu kumi zenye maswali matatu

Orodha ikishakuwa safi, chagua watu 10 ambao hawajaonekana kwa mwaka mzima. Hakikisha angalau 4 wako nje ya kisiwa cha Lamu na 2 ni wanagenzi. Wapigie mwenyewe, wala usitume fomu ya mtandaoni. Fomu yenye maswali 30 hujazwa na wale wale wanaokuja kila mara, kwa hiyo itakuambia unayoyajua tayari.

Maswali ni haya tu. Mwezi uliopita, ni kitu gani kilikusumbua zaidi kazini? Siku gani na saa ngapi unaweza kukaa dakika 75 bila kuitwa? Ukiombwa uwafundishe wenzako kwa dakika 20, utafundisha nini? Dakika saba zinatosha. Andika majibu kwa maneno ya mtu mwenyewe. Akianza kulalamika juu ya viongozi, usijitetee. Andika, shukuru, kata simu. Kiongozi anayejitetea kwenye simu ya kwanza hapati nafasi ya simu ya pili.

Majibu ya swali la kwanza ndiyo ajenda yako ya miezi sita. Kama wanne kati ya kumi wametaja rufaa za usiku kutoka visiwani, huna haja ya kubuni mada.

Baraza, chama, muungano: nani hufanya nini

Chanzo kimoja cha kukata tamaa ni mwanachama kutodai kinachotakikana mahali panapotakikana. Mwanagenzi hujiunga akitarajia nyongeza ya mshahara, asiipate, akaondoka akisema chama hakina faida. Mweleze mapema, siku ya kwanza, kwa lugha nyepesi.

Kwa upande wa madaktari, baraza, yaani KMPDC (Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya), hutoa leseni na kumlinda mgonjwa. Muungano wa wafanyakazi, KMPDU (wa madaktari, wafamasia na madaktari wa meno) uliosajiliwa 2011, hujadiliana na mwajiri juu ya mishahara na masharti ya kazi. Chama cha kitaaluma, kama KMA (Chama cha Madaktari cha Kenya) kilichoanzishwa 1968, hushughulikia ubora wa kazi, elimu, maadili na ustawi wa wenye taaluma. Wauguzi na maafisa wa kliniki wana mgawanyo wa aina hiyo hiyo kwa majina yao.

Wakati wa mgomo mipaka hii hufutika. Mgomo wa madaktari wa 2024 ulidumu siku 56, na katika kipindi kirefu kama hicho kundi la chama hugeuka uwanja wa muungano. Mjadala wa mgomo haukosi mahali pake, lakini ukiruhusu umeze kundi zima, mgomo ukiisha watu hawarudi kuzungumzia kifafa cha mimba. Fungua kundi la muda kwa jambo hilo na ulifunge likiisha.

Siku, saa, na maji

Hapa ndipo mipango ya bara hukwama. Ijumaa haifai kwa sababu ya sala na familia. Jumapili haifai kwa wenzetu wa Mpeketoni na mji wa Hindi wanaokwenda kanisani. Jumamosi huonekana tupu kwenye kalenda, lakini wengi huwa kwenye lokamu, yaani zamu za kulipwa nje ya ajira yao. Malindi hasa, ambako kliniki za kibinafsi hujaa siku hiyo, Jumamosi ni siku ya kumkosa daktari. Kwa mkutano wa jioni jaribu Jumanne au Jumatano, kuanzia saa mbili na nusu usiku, watu wakiwa wameshaswali Isha na kula.

Lakini mkutano wa jioni kisiwani maana yake umewafungia nje watu wa Faza, Kizingitini, Mpeketoni na Witu. Wa Mpeketoni atafika Mokowe kwa gari, kisha achukue boti; kurudi usiku ni shida na gharama. Kwa hiyo gawa mwaka hivi: kila mwezi kikao kifupi cha mtandaoni cha dakika 45, na kila robo ya mwaka kikao kimoja cha ana kwa ana, asubuhi, kinachohama. Robo ya kwanza Amu, ya pili Mpeketoni, ya tatu Amu au Hindi, ya nne Faza. Safari ya Faza iwe katika robo ya mwisho kwa sababu miezi ya kusi kali, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka na nusu ya waliojiandikisha watabadili nia wakifika gatini.

Kabla ya kutangaza tarehe ya safari ya kisiwa cha Pate, iliko Faza, muulize nahodha, sio kalenda ya ukutani. Siku za bamvua maji hukupwa sana, na kufika kwenye miji kama Pate na Siyu maji yakiwa chini ni taabu. Wageni watajikuta wanatembea kwenye matope na viatu mkononi. Panga kufika na kuondoka maji yakiwa yamejaa, halafu ratiba ya kikao ndiyo ifuate maji.

Mwezi wa Ramadhani usiitishe kikao cha mchana. Futari moja ya pamoja katika kumi la katikati hufaa: kumi la mwanzo watu bado wanazoea, na kumi la mwisho wako misikitini. Wiki ya Maulidi, Mfungo Sita, mji hujaa wageni kutoka pwani nzima. Usishindane nayo. Wanachama wanaotaka kujitolea wapewe zamu za saa tatu tatu kwenye kituo cha huduma ya kwanza, kwa makubaliano na idara ya afya ya kaunti.

Kikao cha mtandaoni kina ugonjwa wake: waliomo ukumbini husahau walio kwenye simu. Mteue mtu mmoja kila mara awe msemaji wa walio mbali. Kazi yake ni kusoma maswali yao kwa sauti, kukatiza msemaji sauti inapopotea, na kuhakikisha swali la kwanza linatoka nje ya ukumbi. Zima video, tumia sauti tu, tuma slaidi saa 24 kabla kwa faili ndogo. Umeme ukikatika, mwenye simu yenye chaji na bando ndiye ukumbi, mchague mapema.

Kikao chenyewe cha ana kwa ana: dakika 75

Anza kwa saa iliyotangazwa hata kama mko watano. Ukiwangojea wachelewaji unawaadhibu waliowahi, na mwezi ujao nao watachelewa. Mgawanyo unaofaa ni huu: dakika 5 za taarifa ya fedha na yaliyoagizwa mara iliyopita, 20 za kisa, 25 za majadiliano, 15 za jambo moja la kuamua, 10 za kugawa kazi. Mweka saa awe mtu mwingine asiye mwenyekiti, kwa sababu wenyeviti hawajikatizi.

Kisa kitoke hapa hapa. Mada kama "Maendeleo ya kisasa katika magonjwa ya moyo" huletwa na mgeni, husikizwa kwa adabu, kisha husahaulika mlangoni. Chukua kutokwa damu baada ya kujifungua. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani yanataka asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kutokwa damu, gramu 1 kwa mshipa, itolewe ndani ya saa 3 tangu mtoto kuzaliwa. Sasa iweke hiyo kwenye ramani ya Lamu: mama amejifungulia Kizingitini saa tano usiku, boti haliko tayari, kusi inavuma. Saa tatu zinaanza kuhesabiwa wapi, nani anachoma sindano ya kwanza, dawa iko kwenye kabati la nani? Hapo muuguzi wa zahanati anajua zaidi ya bingwa, na akishagundua hilo mbele ya watu hatahitaji kuhimizwa kuja tena.

Au chukua chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu. Mlipuko wa 2004 uliikumba Lamu vibaya. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba kama robo tatu ya wakazi wa kisiwa walikuwa wameambukizwa. Wapo wauguzi waliokuwa kazini wakati ule. Waombe waeleze wagonjwa walivyokuja, kisha daktari kijana aeleze namna ya kuitofautisha na dengi na malaria leo. (Jina lenyewe la ugonjwa limetokana na Kimakonde, likimaanisha kujikunja kwa maumivu, mlipuko wa kwanza ulioandikwa kitaalamu ulitokea kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na 1953. Sentensi kama hiyo mwanzoni mwa mada hufanya kazi kuliko slaidi tano za takwimu.)

Slaidi zisizidi 12. Msemaji atume rasimu siku 5 kabla, na mtu mmoja aisome akitafuta kitu kimoja tu: jina, sura au namba ya mgonjwa iliyosahauliwa kwenye picha ya eksirei.

Kuhusu pointi za mafunzo endelevu: bila shaka watu huzihitaji ili kuhuisha leseni, na kikao chenye pointi hujaza viti. Omba idhini ya baraza husika mapema, kupitia mtoaji mafunzo aliyeidhinishwa, wala usitangaze pointi ambazo bado hazijathibitishwa. Ukimwahidi mtu pointi akazikosa, ukarani wako utasemwa hadi Witu. Mpe mwanachama mmoja kazi ya kuhakikisha mahudhurio yameingizwa kwenye mfumo ndani ya saa 72. Lakini tusidanganyane: pointi humleta mtu, hazimfanyi abaki. Anayekuja kwa pointi peke yake hutia sahihi na kutoka kupitia mlango wa nyuma chai ikiletwa.

Kampuni za dawa zitajitolea kulipa ukumbi na chakula. Zikikubaliwa, iwe kwa masharti yaliyoandikwa: mada huchaguliwa na tawi, msemaji haajiriwi na kampuni, jina la kibiashara la dawa halimo kwenye slaidi, na ufadhili hutajwa wazi mwanzoni. Kosa la kawaida ni kuruhusu vikao vitatu mfululizo vya mfadhili mmoja. Watu huzoea biriani, na siku mfadhili akiondoka kikao cha kahawa chungu na mahamri huonekana kama tusi. Ni afadhali kuanza na kahawa.

Kazi ndogo zenye majina

Hii ndiyo sehemu ya kushika zaidi. Mwanachama asiye na kazi ni mgeni, na mgeni huruhusiwa kutokuja. Lengo lako liwe kwamba ndani ya mwaka mmoja nusu ya wanachama wamefanya angalau jambo moja kwa niaba ya tawi.

Kazi nzuri ina sifa nne: humalizika kwa saa mbili au tatu kwa mwezi, ina tarehe ya mwisho isiyozidi miezi 3, matokeo yake yanaonekana, na haihitaji ruhusa ya watu wanne. "Kamati ya Uhamasishaji" si kazi. Hakuna anayejua ikiisha imeisha vipi. "Kuwapokea wanagenzi watakaoripoti mwezi huu" ni kazi. Nyingine: kuweka saa vikaoni, kuwa msemaji wa walio mbali, kufuatilia pointi, kuandika muhtasari wa nusu ukurasa, kuhakiki orodha ya kituo kimoja, kutafuta nahodha na bei ya boti, kuandaa kisa kimoja, kumfuatilia afisa mmoja wa kaunti juu ya barua moja.

Omba ana kwa ana au kwa simu, kamwe si kundini. Ombi la "nani anaweza kusaidia?" likitupwa kundini huokotwa na watu watatu wale wale. Mtaje mtu, mweleze kwa nini yeye, mwambie mwisho wake: "Wewe ulifanya kazi ya stoo Mpeketoni, unajua dawa hukwama wapi. Tunaomba ukurasa mmoja juu ya vifaa vya dharura vya uzazi vilivyopungua katika vituo vitatu, kabla ya tarehe 20. Baada ya hapo hatutakuomba kitu hadi robo ijayo." Sentensi ya mwisho ndiyo humfanya akubali. Na ahadi hiyo itimizwe! Katika mji wa punda hili linajulikana: punda apandaye ngazi na mawe bila kulia ndiye huongezewa mzigo, mpaka siku alale chini asiinuke. Mwanachama mtiifu huchoka namna hiyo hiyo, kimya kimya, na utajua tu namba yake ikiwa haijibiwi.

Akikataa, mpe nafasi ya kukataa bila haya, na muulize ni kazi gani angeiweza. Akimaliza, mshukuru kwa alichofanya hasa, mbele ya wenzake, kwa sentensi moja. Cheti cha shukrani cha jumla kwa kila mtu hakimgusi yeyote.

Wapya ndani ya siku saba

Mwanagenzi aliyetoka Nairobi au Eldoret akashuka kwenye boti la Mokowe na begi mbili ana maswali ambayo hayamo kwenye barua ya ajira: nyumba ya kupanga iko mtaa gani, boti la usiku ni la nani, bei halali ya kuvuka ni ngapi, maji ya bomba ni ya chumvi au la. Chama kikimjibu hayo wiki ya kwanza, hahitaji hotuba juu ya umuhimu wa chama.

Mpe mwenyeji mmoja asiye bosi wake wodini. Simu siku ya kwanza hadi ya tatu, kahawa ya pamoja kabla ya siku ya saba, kazi ndogo kabla ya siku ya 60. Ada ya mwanagenzi iwe ndogo sana au isiwepo kwa mwaka wa kwanza.

Jambo moja huwavuta sana wageni: somo la nusu saa la Kiamu, lahaja ya Lamu, cha wodini. Daktari wa bara aliyesoma Kiswahili sanifu hushangaa mgonjwa anapotaja kitwa na mato, akimaanisha kichwa na macho, au ndaa kwa maana ya njaa. Kosa la historia ya mgonjwa huanzia hapo. Mwalimu awe muuguzi mwenyeji au mkunga wa miaka mingi. Yeye ambaye alizoea kuamrishwa wodini siku hiyo ndiye anasahihisha matamshi ya daktari, na kwa shughuli hiyo moja umepata wanachama wawili hai.

Matangazo na makundi

Weka makundi mawili. Moja la matangazo, wanaoandika ni viongozi tu, ujumbe usizidi 3 kwa wiki. La pili la mazungumzo, lenye kanuni tano zilizobandikwa juu: hakuna picha ya mgonjwa inayomtambulisha, hakuna siasa za vyama, hakuna habari za kusambazwa zisizo na chanzo, hakuna matusi, hakuna matangazo ya biashara. Msimamizi akivunja kanuni naye aonywe kundini, la sivyo kanuni ni karatasi.

Tangazo la kikao liwe na nini, lini, wapi, pointi ngapi na nani atafundisha, yote katika mistari mitano ya kwanza, kwa kuwa baada ya hapo watu hawafungui "soma zaidi". Litume siku 14 kabla, siku 3 kabla, na asubuhi ya siku yenyewe. Katikati, wale kumi uliowapigia simu wapate ujumbe wa mtu binafsi.

Ada, na pesa zionekane

Leseni ya mwaka ya daktari huisha Desemba 31, na Januari kuna karo za watoto. Ukidai ada nzima katika miezi hiyo unashindana na serikali na shule, na utashindwa. Igawe. Tuseme ada ni shilingi 6,000 kwa mwaka: hiyo ni 500 kwa mwezi. Kwa wanachama 40 ingekuwa 240,000, lakini panga matumizi kwa asilimia 60 ya hizo, yaani 144,000, na utoe kwanza gharama ya kuwavusha wa visiwani na wa Mpeketoni. Nauli ya boti kwa wa mbali itangulie mbele ya fulana zenye nembo. Fulana huleta picha nzuri. Nauli huleta mtu.

Pesa zilipwe kwa namba ya M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina la tawi, si simu ya mweka hazina. Watia sahihi watatu, wawili wakihitajika kila malipo, na asiwe mmoja wao ndiye mwenye kukagua. Kila robo bandika ukurasa mmoja: salio la mwanzo, yaliyoingia, yaliyotoka kwa mistari isiyozidi kumi, salio la mwisho. Usingoje uulizwe. Siku mtu atakapouliza kundini "pesa zetu ziko wapi?", hata ukiwa na jibu kamili, tayari umeshachelewa.

Mfuko wa kufaana katika misiba na ugonjwa uwe akaunti tofauti, na kanuni zake ziandikwe kabla ya msiba wa kwanza: nani anahesabika kuwa jamaa, kiasi gani, ndani ya siku ngapi. Ukiachwa uchanganyike na ada, tawi zima hugeuka kundi la matanga na harusi, na mada za tiba hufa bila kuzikwa.

Kudai jambo moja kwa wakati mmoja

Tangu 2013 huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo anayeweza kujibu yuko karibu, na hilo ni faida ya matawi madogo. Chukua tatizo lililotajwa zaidi kwenye zile simu, liandikie barua ya ukurasa mmoja yenye ombi moja, mfano mafuta ya akiba ya boti la rufaa yasiyotumika kwa shughuli nyingine. Barua yenye madai 12 humpa afisa nafasi ya kutimiza lile rahisi na kunyamazia mengine. Taja mtu wa tawi atakayefuatilia na tarehe ya kufuatilia.

Kisha ripoti kwa wanachama hata kama jibu ni hapana. "Tuliomba tarehe 4, tumejibiwa bajeti imefungwa, tutarudi Mei kabla ya makadirio mapya" ni ujumbe unaojenga imani. Ukimya baada ya barua huwafundisha watu kwamba kusema tatizo ni kazi bure, na simu zako kumi za mwakani zitajibiwa kwa "hakuna neno."

Namba tatu za kufuatilia

Acha kuhesabu waliomo kwenye kundi. Kila baada ya siku 90 hesabu haya: wangapi wamefanya jambo lolote kwa ajili ya tawi, wangapi kati yao hawafanyi kazi kisiwa cha Lamu, na wangapi kati ya waliojiunga nusu mwaka uliopita bado wanajibu simu. Katika tawi la watu 40, ukipata 12 walioshiriki, 3 kati yao wa nje ya kisiwa, tatizo lako ni boti na saa. Ukipata 25 walioshiriki lakini wote ni wa miaka mingi, tatizo ni mapokezi. Ukiwa na mahudhurio makubwa na kazi chache zilizofanywa, umetengeneza hadhira, na hadhira huondoka na mfadhili.

Sheria ya Vyama, Sura ya 108, inataka mkutano mkuu mara moja kila mwaka na taarifa za mwaka kwa Msajili wa Vyama, basi tumia siku hiyo pia kukabidhi. Viongozi wanaotoka waache bahasha moja: orodha ya karibuni, nywila, namba za manahodha na bei zao, barua zilizotumwa na tarehe za kufuatilia, makosa ya mwaka kwa nusu ukurasa, na majina ya watu watano ambao hawajawahi kuombwa kitu. Katibu mpya awapigie hao watano wiki hiyo hiyo.